Gesi Nzito Hupandaje? Siku Sita Njia ya Marangu

Septemba 10, Moshi, jioni

Nimefunga karakana mapema leo. Miaka 36 natengeneza mafriji katika chumba kile kile, hatua chache kutoka soko la Mbuyuni, na karibu kila alfajiri mawingu yakijivua nauona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, juu ya mabati ya majirani. Watu wanavuka bahari kuja kuupanda. Mimi niliyezaliwa Kilema, miguuni pake kabisa, sijafika hata Mandara, kituo cha kwanza cha kulala. Kesho naondoka.

Chanzo ni ubishi. Krismasi iliyopita tulikuwa nyumbani Kilema, ukoo mzima, na mpwa wangu, binti wa dada yangu anayefundisha fizikia sekondari huko Arusha, akasema mbele ya wazee kwamba gesi tuliyokuwa tukiimwaga sisi mafundi wa zamani ilifika Ncha ya Kusini ikaila ozoni ya kule, lile tabaka la juu linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Nikamwambia, mwanangu, gesi 12, ile ya kupozea friji, nimeishika kwa mikono hii. Ni nzito. Ukiiachia chumbani inalala sakafuni kama maji, inatambaa hadi mlangoni. Kitu kinacholala sakafuni Mbuyuni kitafikaje kilomita 20 juu ya barafu ya Antaktika?

Wazee wakaniunga mkono. Yeye akanyamaza, akanimiminia mbege, akasema taratibu: "Mjomba, tupande mlima wote wawili. Nitakujibu njiani."

Swali hilo nimelala nalo miezi tisa. Si la mchezo kwangu. Bwana aliyenifundisha kazi alinionyesha jinsi ya kuanza: fungua vali, iache ipige mluzi mpaka inyamaze, ndipo ukate bomba la kopa. Hivyo ndivyo tulivyofanya, friji baada ya friji. Mabomba machafu tuliyasafisha kwa gesi 11, ndugu yake gesi 12, nayo ikaenda zake. Hakuna aliyetuambia kitu.

Siku ya kwanza, Septemba 11. Moshi, Marangu, Mandara

Hiace ya saa moja hadi Himo, kisha kupandisha Marangu Mtoni na hadi getini. Pale ni karatasi na mizani: mzigo wa mgumu, yaani mpagazi, usizidi kilo 20, na kila begi linaning'inizwa kwenye mzani kabla halijatoka. Wagumu wetu ni vijana wa Mamba na Marangu. Kiongozi wetu ni mtu wa makamo, ana sauti ya chini na hatua fupi, na tangu mwanzo amekuwa akiniita mzee wangu ingawa sidhani kama namzidi miaka kumi.

Mpwa wangu amebeba barometa ndogo ya mkononi, ya kupima shinikizo la hewa. Mjini Moshi ilisoma milibari 914. Jioni hii Mandara, mita 2,720, inasoma 735. Pakiti ya krispi aliyoinunua Himo imevimba kama puto.

Msituni tulikwenda saa nne chini ya miti iliyovaa nyuzi za kijani kama ndevu. Mbega wawili walikaa juu ya tawi, mikia yao mieupe ikining'inia, wakatutazama bila haraka. Hewa ilikuwa nzito kwa unyevu na nilidhani somo lingesubiri, lakini baada ya chakula aliniwekea kikombe cha chai mbele yangu, akatia vijiko viwili vya sukari, akasema onja bila kukoroga. Ilikuwa chungu. Akakoroga.

"Sukari ni nzito kuliko maji, mjomba. Kabla ya kukoroga ilikuwa chini. Sasa iko wapi?"

"Kote."

"Ukikiacha kikombe hadi asubuhi, itarudi chini?"

Nilijua hairudi. Nimekunywa chai ya jana mara nyingi mno.

Ndivyo hewa ilivyo, akaniambia. Jua linaipasha, upepo unaisukuma, mvua na radi vinaipindua, na mwiko huo wa kukoroga hautulii mchana wala usiku. Ni kweli molekuli ya gesi 12 ina uzito zaidi ya mara nne ya hewa, na ndani ya chumba kilichofungwa italala sakafuni kama nilivyoona. Lakini ikishatoka mlangoni inakorogwa pamoja na vingine vyote. Mwiko unafanya kazi mpaka kilomita kama 100 kwenda juu. Ndiyo maana oksijeni ni asilimia 21 Moshi, na itakuwa asilimia 21 kileleni Uhuru. Kinachopungua ni wingi wa hewa yenyewe, mgao haubadiliki.

Akanipa na ushahidi. Mwaka 1971 Mwingereza James Lovelock alipanda meli ya utafiti kutoka kwao kuelekea Antaktika, akiwa na chombo alichokibuni mwenyewe cha kunusa gesi zilizo chache mno. Safari nzima, kaskazini na kusini ya ikweta, aliikuta gesi 11. Ilikuwa katikati ya bahari, mbali na friji yoyote.

Hapo sikuwa na la kujibu. Nimekaa nje ya kibanda na kikombe changu hadi kikapoa.

Siku ya pili, Septemba 12. Mandara hadi Horombo

Msitu uliisha ghafla, kama pazia limevutwa. Baada ya hapo ni vichaka, nyasi na jua. Jua! Kiongozi alitupaka mafuta usoni kwa lazima, na bado pua yangu imeungua. Mpwa wangu anasema kila ukipanda mita 1,000 mionzi ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi, inaongezeka kama asilimia 10, na sisi wa karibu na ikweta tunaanza tukiwa tayari na paa jembamba.

Hili lilinishangaza. Nilidhani ozoni iko nyingi hapa kwetu na imekosekana huko kwenye ncha tu. Kumbe hutengenezwa zaidi huku, juu ya nchi za joto, ambako jua lina nguvu ya kupasua molekuli ya oksijeni ili atomi zake zijiunge na nyingine, tatu tatu. Halafu inasafirishwa. Tukikusanya ozoni yote iliyo juu ya kichwa cha mtu, tukaileta chini katika joto na shinikizo la usawa wa bahari, dunia nzima kwa wastani ingetupa tabaka la milimita tatu. Hapa kwetu ni pungufu ya hapo. Kaskazini ya mbali, mwisho wa majira yao ya baridi, inaweza kupita milimita nne. Tunaizalisha sisi na wanaiweka ghalani wao, kama kahawa yetu.

Inafikaje huko? Juu ya ikweta hewa hupanda. Kwanza kwa fujo, kwa mawingu ya radi, hadi kilomita 16 au 17. Hapo ni baridi kali, kama nyuzi 80 chini ya sifuri, na karibu maji yote yaliyomo huganda na kubaki nyuma. Hewa inayopenya juu ya hapo, kwenye stratosfia, ni kavu kama iliyopitishwa kwenye draya ya friji. Mwanasayansi Alan Brewer aliuandika ukavu huo mwaka 1949, akaeleza kwamba hewa lazima iwe imeingilia juu ya nchi za joto. Baada ya kuingia, inapanda pole pole na kuelekea kwenye ncha, ambako hushuka.

"Pole pole kiasi gani?" nikauliza. Tulikuwa tumekaa juu ya jiwe, kiongozi anagawa maandazi.

"Sehemu ya tatu ya milimita kwa sekunde. Mita ishirini na kitu kwa siku."

Kiongozi akaacha kugawa. Maisha yake yote anawaambia watu pole pole. Akaangalia mawe mbele yake, akachagua moja lililokuwa umbali kama huo, akalionyesha kwa kidole. "Mpaka pale? Kutwa kucha?"

Mpaka pale. Sisi leo peke yake tumepanda mita 1,000. Hewa iliyoingia stratosfia juu ya vichwa vyetu asubuhi hii itakuwa imepanda urefu wa minazi miwili ifikapo kesho, na kwa wastani itachukua miaka mitano hivi kuizunguka njia yote hadi kushuka juu ya ncha. Nilianza kuhesabu. Friji niliyoifungulia vali ujana wangu, gesi yake ilifika huko nilipokuwa nimeoa na nina mtoto wa pili.

Horombo, mita 3,720. Barometa 652. Misenesio imesimama bondeni kama migomba mizee, shina limevikwa majani yake makavu yasiyodondoka. Kiongozi anasema yale majani ndiyo blanketi la mti.

Siku ya tatu, Septemba 13. Horombo, mapumziko

Ndoo ya maji nje ya kibanda ilikuwa na kioo cha barafu juu. Nilikigonga kwa kidole kikapasuka.

Leo ni siku ya kuzoea hewa. Tulipanda hadi kwenye Miamba ya Pundamilia, mistari mieusi na mieupe kama imepakwa rangi, tukarudi mchana, na saa zote zilizobaki tulizungumza. Nataka kuliandika hili sawasawa kwa sababu ndilo lililonifanya nielewe, na nimelielewa kwa kazi yangu mwenyewe.

Mafundi wa rika langu wanaikumbuka taa ya kutafuta uvujaji. Kichomeo kidogo, ndani yake kipande cha kopa kilichopashwa hadi kuwa chekundu, na mpira mwembamba unaovuta hewa. Unaupitisha ule mpira kwenye viungio vya friji. Mahali pazima, moto unabaki na rangi yake. Panapovuja gesi 12, moto unageuka kijani kibichi, na uvujaji ukizidi unaingia bluu. Sasa, gesi 12 yenyewe haina makuu. Haiwaki, haina harufu ya kukera, haili chuma, unaweza kuipulizia mkononi. Ndiyo maana ilipendwa. Lakini ikikutana na moto inavunjika, klorini inatoka, na klorini ikishikana na kopa ndiyo inayougeuza moto kijani. Kila fundi aliyewahi kuchomelea bomba ambalo gesi haijaisha ndani anaujua ule moshi unaokaba koo. Nimewahi kutoka karakana nikikohoa machozi.

"Basi mjomba umeshajijibu," mpwa wangu akasema. "Kule juu moto ni jua."

Chini huku ozoni inatukinga na mionzi mikali, na inaikinga gesi 12 pia. Inazunguka duniani bila kuguswa, maisha yake ni kama miaka 100. Ikipanda ikafika juu ya sehemu kubwa ya ozoni, mionzi inaivunja, klorini inaachiwa. Mario Molina na Sherwood Rowland waliliandika hilo mwaka 1974, kabla sijashika spana, na mwaka 1995 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Crutzen.

Lakini kama klorini imeenea kila mahali, kwa nini tundu la ozoni litokee Ncha ya Kusini? Friji nyingi ziko kaskazini. Hapo ndipo ndoo ya asubuhi ilipoingia.

Klorini nyingi ya stratosfia hukaa imefungwa, sehemu ikiwa asidi ya haidrokloriki, sehemu imeshikana na oksidi ya naitrojeni. Ikiwa imefungwa hivyo haidhuru. Wakati wa baridi Antaktika jua halichomozi kwa miezi, na pepo kali zinaizunguka ncha na kuitenga hewa yake, isichanganyike na ya nje. Mwiko wa jana na juzi unakuta chungu kimefunikwa. Hewa iliyofungiwa inapoa, ikipita nyuzi 78 chini ya sifuri mawingu yanaanza kutokea kilomita 15 hadi 25 juu, mahali ambapo kwa kawaida hakuna wingu. Ni chembe za asidi ya naitriki na maji, na baridi ikizidi ni barafu tupu. Juu ya ngozi ya chembe hizo zile klorini mbili zilizofungwa hukutana na kufunguana. Katika hewa tupu hukutana bila kitu kutokea. Zikipata uso wa kukalia, zinaachiana.

Nikamwambia naujua uso wa namna hiyo. Tone moja la maji likiingia kwenye mfumo wa gesi 12, kwanza linaganda kwenye bomba jembamba la kapilari, friji inaacha kupoza. Likikaa zaidi linazaa asidi, na asidi inakula waya za kompresa kutoka ndani. Unaikata kompresa unakuta mafuta meusi. Maji kidogo, baridi, klorini. Ni ugonjwa ule ule.

Akaniangalia kwa muda. Akasema atawafundisha wanafunzi wake hivyo.

Kwa hiyo majira yote ya giza klorini inakusanyika, imefunguliwa, inasubiri. Agosti jua linaanza kuchungulia ukingoni na kuipasua kuwa atomi. Kila atomi inaivunja ozoni, inatoka salama, inavunja nyingine, maelfu kwa maelfu. Septemba yote kazi inaendelea. Ikifika Oktoba, kati ya kilomita 14 na 21 hivi juu ya Ncha ya Kusini, ozoni karibu haipo. Nimeandika Septemba, na leo ni tarehe 13. Tukiwa tumekaa hapa tunakunywa mtori, linatokea.

Waliogundua tundu hilo ni watu watatu wa Uingereza, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin. Kituo chao cha Halley, juu ya barafu inayoelea, kilikuwa kimepima ozoni tangu miaka ya 1950 kwa chombo kilichobuniwa na Dobson. Oktoba ya miaka ya mwanzo walipata kama vipimo 300 vya Dobson, yaani tabaka la milimita tatu. Kufikia 1984 walikuwa karibu na 200. Kwanza walishuku chombo, kama ninavyoishuku geji kabla ya kuishuku friji, wakapima kwa kingine. Kingine nacho kikasema vile vile. Walichapisha Mei 1985. Mwaka uliofuata Susan Solomon aliongoza kikosi kwenda kituo cha McMurdo, Antaktika, wakati bado ni giza na baridi, wakapima mwanga wa mwezi uliopita katika hewa ile ili kusoma ndani yake alama ya klorini. Waliikuta nyingi kupita kiasi.

Mwanga wa mwezi! Nimelirudia hilo mara kadhaa jioni hii. Watu walisimama gizani kwenye baridi ile, wanachuja mwanga wa mwezi ili wajue kilichotoka kwenye mafriji yetu.

Siku ya nne, Septemba 14. Horombo hadi Kibo

Jangwa. Kati ya Mawenzi na Kibo hakuna mti, hakuna ndege isipokuwa kunguru wenye shingo nyeupe. Kichwa kinauma. Kiongozi alitusimulia habari ya Mawenzi aliyekwenda mara kwa mara kwa nduguye Kibo kuomba moto, mpaka Kibo akachoka akampiga kwa mchi, na ndiyo maana kichwa chake kimechongoka hivyo. Bibi yangu alitusimulia vile vile.

Kibanda cha Kibo, mita 4,700 na zaidi, barometa 577. Tumelazwa saa kumi na moja jioni. Usingizi haupo.

Siku ya tano, Septemba 15. Uhuru, na kurudi Horombo

Tuliondoka saa sita usiku. Changarawe inateleza, hatua mbili mbele moja nyuma. Kwenye pango la Hans Meyer tulipumzika, na mpwa wangu akaomba tuzime taa zote.

Sijawahi kuona anga kama lile. Halikuwa jeusi tii. Kulikuwa na weupe hafifu nyuma ya nyota, na akasema sehemu ya ule weupe ni hewa yenyewe. Kilomita 90 na kitu juu yetu, atomi za oksijeni zilizopasuliwa na jua la mchana zinakutana usiku na kutoa mwanga. Jicho haliishiki rangi yake. Kamera ikiachwa wazi kwa muda inaonyesha kijani, na ni kijani kile kile cha aurora, ile mianga ya angani usiku kule kwenye ncha, ambako chembe kutoka juani zinaipiga oksijeni kwa nguvu hadi watu wanaiona wakiwa uani kwao. Kijani hutoka kilomita 100 hadi 150. Nyekundu hutoka juu zaidi, kupita kilomita 200.

Huko, akaongea akihema baina ya maneno, mwiko umeshachoka. Kila gesi inalala kwa uzito wake: naitrojeni chini, juu yake atomi za oksijeni, kisha heliamu, mwisho haidrojeni. Na hata huko ncha mbili haziko sawa. Upepo wa juu kabisa hutoka upande wenye kiangazi kwenda upande wenye baridi, na heliamu, kwa wepesi wake, hurundikana juu ya ncha iliyo gizani. Dhoruba ya jua ikija, ncha zinapashwa moto, hewa nzito ya chini inapandishwa, mgao wa oksijeni unashuka. Chembe zile zile zinazowasha aurora hutengeneza oksidi ya naitrojeni kwa wingi. Kukiwa na jua inavunjwa. Kwenye usiku wa miezi hakuna wa kuivunja, inashuka pamoja na hewa mpaka stratosfia, nayo huko inaila ozoni. Ilionekana wazi juu ya Aktiki majira ya baridi ya 2003 kuingia 2004.

"Kwa hiyo si sisi tu," nikasema.

"Si sisi tu, mjomba. Lakini hiyo ya jua ilikuwepo siku zote, na ozoni ilikuwa inapona yenyewe."

Tukawasha taa, tukaendelea.

Gilman's, juu ya ukingo wa Kibo, tulifika kunakucha. Jua lilitoka nyuma ya Mawenzi likiwa jekundu, na vijana wa Kenya waliokuwa nyuma yetu wakaimba. Kutoka pale hadi Uhuru ni ukingo mrefu, na kushoto kwetu barafu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona karibu: kuta zimekatwa wima, zina mistari kama karatasi zilizopangwa, na chini yake vumbi kavu. Kati ya 1912 na 2007 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya mlima huu ilitoweka. Baba yangu aliiona kubwa kuliko ninavyoiona mimi. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, kwa hiyo naandika: tundu la ozoni silo lililokula barafu ya Kibo. Ila gesi zetu zina makosa mawili. Gesi 12 inazuia joto kuliko hewa ya ukaa kwa mara elfu kumi hivi, kilo kwa kilo. Hata gesi 134 tuliyopewa badala yake, isiyo na klorini, inazuia mara elfu moja na mia kadhaa.

Uhuru, mita 5,895. Barometa 503. Nusu ya hewa ya pwani. Nilishika ule ubao, nikalia, na sioni haya kuliandika. Mpwa wangu alitoa chupa tupu ya plastiki, akaifungua, akaizungusha hewani, akaifunga kwa nguvu, akanikabidhi.

Kushuka kulikuwa mbio na magoti. Nimeandika haya Horombo kwa tochi.

Siku ya sita, Septemba 16. Horombo hadi getini

Chupa ilikuwa imeanza kuingia ndani tangu jana tukishuka Horombo. Getini ilikuwa imebonyea pande zote, imekunjana kama ngozi ya tende. Hewa ya juu imo, nusu yake tu, na hewa ya Marangu inaikamua. Nimeiweka kwenye begi ndogo isiguswe na mtu.

Tarehe ya leo si ya bahati nasibu, aliichagua yeye. Septemba 16, 1987 ilitiwa saini Itifaki ya Montreal, na baadaye kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa iliikubali. Gesi 12 na 11 zilikoma kutengenezwa, hata kwa nchi kama yetu ilipofika 2010. Mwaka 2016 jirani zetu wa Kigali wakawa wenyeji wa makubaliano ya kupunguza na hizi mpya zinazobeba joto. Wanasayansi wanatarajia ozoni ya dunia kwa sehemu kubwa irudi ilivyokuwa mwaka 1980 ifikapo 2040 hivi, ya Aktiki 2045, ya Antaktika 2066. Kuna miaka inayovuruga. Mwaka 2019 tundu lilikuwa dogo kwa sababu hewa ya juu ilipata joto ghafla. Januari 2022 volkano ya Hunga Tonga chini ya bahari ilirusha mvuke mwingi hadi stratosfia, pale palipokuwa pakavu.

2066 sitaiona. Mpwa wangu atakuwa bibi wa miaka 70. Na kwa kuwa gesi 12 inaishi kama miaka 100, zaidi ya nusu ya ile niliyoimwaga kijana bado inazunguka. Hili nalibeba. Sikujua, na nimelibeba.

Marangu Mtoni tulikula ndizi nyama, tukawaaga wagumu mmoja mmoja.

Septemba 18, karakana

Mama mmoja wa Majengo ameleta friji ya marehemu mumewe. Kompresa imekufa. Kibandiko cha nyuma kimefifia lakini kinasomeka: gesi 12, gramu 160.

Nilikuwa sijaiona karibu miaka saba. Niliitoa mashine ya kuvuta gesi, nikafunga vali ya kutoboa kwenye bomba la kujazia, nikaunganisha geji na mtungi, nikauweka mtungi juu ya mzani. Kijana wangu wa kazi alitaka kujua kwa nini nahangaika na friji isiyotengenezeka. Nikamwambia asogee, atazame mshale. Ulishuka taratibu, ukapita sifuri, ukakaa. Hakuna mluzi uliosikika.

Mzani uliongezeka gramu 145. Nimefunga vali, nimebandika utepe juu ya mtungi, nimeandika 12 na tarehe. Chupa ya Uhuru iko kwenye rafu juu yake.